Konzi

Kwetu Tlangvel, juu ya ukungu wa Mizoramu,
mwanamke hapiki kabla ya kutoa konzi:
sufuria ikisubiri maji, mkono huzama ndani ya mchele,
hujaa, hufumba,
na konzi hiyo huenda kwenye kopo la Bwana kando ya meko.
Asubuhi konzi, jioni konzi.
Jumamosi napita mimi, Zodini, kikapu mgongoni,
kamba yake imenikaa kwenye paji la uso,
mizani mkono mmoja, daftari mkono mwingine,
nikipanda ngazi za nyumba zilizosimama kwa miguu ya miti.

Miaka kumi na tisa. Mchele naujua kwa vidole.
Wa mwalimu una vumbi la chaki, au labda nawaza tu.
Wa maharusi wapya umejaa mno: bado wanaogopa.
Wa Mzee Chhunthanga,
yule ambaye akiomba Jumapili hata majogoo hukosa zamu,
ni wa mwaka juzi, chenga na fukusi,
umepimwa kwa ngumi ya mjukuu wa miaka minne.
Naupokea kwa mikono miwili. Asante, Mzee.
Fukusi mmoja akinipanda kiganjani
namfutia kwenye sketi, kwa heshima.

Na wa Pi Darhnuni, kibanda cha mwisho, chini korongoni,
ni mrefu, mweupe, umepetwa ukapetwa tena,
hauna jiwe, hauna pumba.
Pi Darhnuni hupika pombe.
Kila mtu anajua, na wanaojua zaidi
ni wale wanaoshuka korongoni bila kurunzi.
Chupa mbili daftari, chupa tano sare:
ndivyo anavyomsomesha mjukuu aliyeachiwa.

Februari baraza la kanisa likakaa.
Mzee Chhunthanga akasimama, akakohoa,
akasema mchele wa mpika pombe
usichanganywe na mchele wa watakatifu.
Wanaokubali?
Mikono ikachipuka kama mianzi baada ya mvua.
Wangu ulikuwa wa tatu.
Sikuulazimisha. Ulipanda wenyewe,
mwepesi, kama mkono usiobeba kitu.

Jumamosi ile nikashuka korongoni kumwambia.
Mlango ulikuwa wazi, kopo limejaa hadi mdomoni.
Ulimi wangu ukawa ubao.
Nikapima. Kilo mbili na nusu.
Nikafungua daftari, na kwa kuwa jina lake
lilikwisha kukatwa kwa wino mwekundu,
nikaandika chini ya langu.

Nilijiita mwenye huruma.
Jumamosi arobaini na moja nilijiita hivyo,
nikipanda kilima.

Desemba, nyota za karatasi zikining'inia darini,
katibu akasoma hesabu ya mwaka:
aliyetoa kuliko wote, dada yetu Zodini.
Ngoma ikapigwa mara mbili. Makofi.
Mzee Chhunthanga akanikabidhi blanketi.
Nikageuka kushukuru
nikamwona, benchi la nyuma, karibu na mlango,
benchi la waliozuiwa Meza ya Bwana:
Pi Darhnuni, akipiga makofi
kwa mikono ile ile inayopeta.

Nilifungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale, nyuma ya meno,
nikaionja chumvi yake.
Nikasema: Utukufu ni wa Bwana.
Wakaitikia Amina.

Nje, penye baridi, alikuwa akinisubiri.
Nikadhani amekuja kunidai jina lake.
Akauliza tu, "Ule mchele ulifika?"
Ulifika, nikasema.
"Basi," akasema, akajifunga shali, akashuka.

Usiku huu sufuria inasubiri maji.
Mkono wangu umo ndani ya mchele, umefumba.
Zamani tukidanganya, mama alitupiga konzi utosini,
vidole vile vile, vimekunjwa vivyo hivyo.
Sijui nikiutoa utaelekea kwenye kopo
au kichwani kwangu.
Blanketi la Mzee liko juu ya sanduku.
Bado lina karatasi ya dukani.