Kanuni za Kikao cha Lifti

Walinipa kalamu kwa sababu nina mwandiko,
si kwa sababu nina hekima.
Lifti ilikuwa imekwama tangu Januari,
na kikao chetu, pale Tbilisi, chini ya ngazi,
kilivunjika mara tatu
kabla ya kufika kwenye bei ya kamba ya chuma.

Mara ya kwanza Nugzari alisema
watu wa chini hawana cha kusema kuhusu lifti.
Mara ya pili Tsisana wa chini alimjibu,
na majibu ya Tsisana hayaandikiki.
Mara ya tatu mtu alimwambia Lamzira, aliyeomba muda wa kulipa:
“Mwanao angekukumbuka, ungekuwa umeshalipa.”

Kijana yuko Poland. Mwaka wa pili hajapiga simu.
Lamzira alikunja kigoda chake, akapanda,
ghorofa saba, kwa miguu,
nasi tulisimama pale tukisikia kila hatua
na kila pumziko.

Basi, kanuni.
Moja: tunajadili kamba. Watoto wa watu si kamba.
Mbili: msemaji ashike sarafu ya lifti;
asiye na sarafu ana masikio.
Neno “heshima” nililiandika, nikalifuta, mara nne:
kila mtu analidai, halina anayelilipia.
Badala yake nikaandika:
usitamke mbele ya wengi
usichoweza kumwambia mtu huyo mkiwa wawili,
mmekwama kati ya ghorofa, taa imezimika.

Gela akauliza, hiyo ni ya ngapi?
Nikasema haina namba.

Karatasi ikabandikwa karibu na masanduku ya barua.
Jina la aliyemwambia Lamzira lile neno
sikuliandika.
Wenzangu hujikwaa kidole kwenye ngazi hizi;
mimi nilijikwaa ulimi.

Jumapili Lamzira alishuka kununua mkate,
akavaa miwani, akasoma yote bila haraka,
akaniomba kalamu.
Akaongeza mstari mmoja, herufi zake zimeinama:
Aliyekosea, apande.
Akanirudishia kalamu. Hakunitazama.

Lifti ilitengenezwa Aprili.
Nugzari alinishikia mlango, sarafu tayari mkononi,
“Ingia, jirani, leo ni juu yangu.”
Nikamshukuru.
Nikashika reli ya ngazi.