Niulize Kwanza

Historia imesimama wima dirishani mwa programu,
duara, mstari, duara, kama tasbihi iliyotundikwa.
Kila duara limejaa rangi, lina saa, lina mwenyewe.
Ila la juu kabisa:
hilo ni vinukta vya kijivu tu, vimeshikana mikono
kuuzunguka utupu, na ubavuni pameandikwa
*hayajathibitishwa, faili tatu.*

Kompyuta ni ya Tauno.
Aulikki ametakiwa aifute kabla ya saa sita;
Jumatatu anakuja kijana kutoka Oulu.
Nje, Tampere ni theluji juu ya theluji.
Moyo wa Tauno ulisimama dukani, kwenye foleni,
mkononi ana skrubu nane, risiti hana.

Anabofya vinukta.
Skrini inagawanyika: kushoto yaliyokuwa,
kulia yaliyotaka kuwa.
Wekundu ni kilichong'olewa, kijani kilichopandikizwa.
Faili ya kwanza: nafasi tupu tu. Ndivyo alivyokuwa,
akinyoosha mistari ya wenzake bila kusema,
kama apangaye viatu vya wageni mlangoni.
Ya pili: jina la mtaa, herufi moja ilipotea.
Ya tatu, vali za maji moto,
makao ya wazee, ghorofa ya nne.
Nyekundu: digrii 19.
Kijani: digrii 22.
Na chini, maneno ambayo mashine huyapita bila salamu:
*Wanalala na soksi. Niulize kwanza.*

Niulize.
Yeye aulize, au aulizwe yeye?
Novemba alisimama mlangoni kwa Aulikki, kikombe mkononi,
naye alikuwa kwenye simu, akamwinulia kidole:
dakika moja.

Vitufe viwili. *Tupa* kina onyo:
kitakachotupwa hapa, hata pipa halitakikumbuka.
Anaondoa mkono kwenye kipanya, anapiga simu makaoni.
Anapokea bibi, si muuguzi.
"Soksi? Jozi mbili mbili, mwanangu. Na wewe nani?"

Programu nayo inauliza vivyo hivyo.
Mwandishi: anaandika Tauno Kivelä.
Mthibitishaji: anaandika jina lake, polepole,
kama anayetia sahihi kwa mkono usio wake.
Kisha anarudi kwenye ule mstari wa mwisho,
anafuta *niulize kwanza*,
anaandika *nimeuliza*,
anabonyeza.

Vinukta vinafungana. Saa sita imeshapita.