Mizani

Kijana wa utafiti amefika Mbale kwa basi la alfajiri,
viatu vina tope jekundu, fomu ina visanduku vinne.
Miaka kumi na mitatu tangu utoke wodini, anasema.
Tunataka kujua mliishia wapi.

Niliishia hapa. Napima kahawa.
Magunia yanashuka kutoka Bududa
kwa punda, kwa bodaboda, kwa migongo ya watu,
na mimi ndiye nisomaye sindano.
Wakulima hunisifu: huyu haibi hata robo kilo.
Hawajui nilijifunza wapi
kuiogopa robo kilo.

Shuleni mwalimu wa Kiswahili alisema shairi lina mizani,
hesabuni silabi kwa vidole.
Nilihesabu vizuri mno. Nikahamia kwenye maharagwe.

Nilipofika kilo thelathini na moja
shangazi Nambozo alisema ni silimu.
Jirani akalisema hilo hilo kwa kunong'ona,
ndiyo maana lilisikika mtaa mzima.
Nilipimwa mara tatu; mara tatu damu ikakana.
Mchungaji alikemea pepo mpaka koo likamkauka.
Mama akapika malewa kwa karanga,
akaketi mbele yangu mpaka mchuzi ukaota ngozi.
Kukataa chakula, katika nyumba
ambayo bibi alizika wawili kwa njaa!
Nani angeniamini? Hata mimi sikujiamini.

Wodini tulikuwa watatu.
Sista Apolot alihesabu vijiko kama mweka hazina,
akakaa nasi nusu saa baada ya uji,
ufunguo wa choo shingoni mwake.
Tulimchukia kwa umoja.
Nadhani hapo ndipo tulipoanza kupona.

Hedhi? anauliza kijana, akiutazama ukuta.
Ilirudi mwaka wa sita, bila hodi.
Mifupa?
Mwaka juzi niliteleza juu ya kahawa iliyomwagika,
mkono ukakatika kama muwa mkavu.
Daktari aliitazama picha, akaniuliza umri,
akaniuliza tena.
Milo?
Mitatu, kwa saa. Siingoji njaa.
Njaa yangu ni shahidi wa uongo, simwiti tena.

Na wenzako?
Ayikoru yuko Arua, ana mapacha.
Hunipigia Jumapili, hunisimulia sahani zote za harusi
bila kusema kama naye alikula.
Kobusinge
(kalamu ya kijana imesimama)
alitoka wodini amenawiri kutuzidi sote,
tukampigia makofi mpaka langoni.
Daftari lenu lilimwandika: amepona.
Mwaka wa nne moyo wake ulizima, Fort Portal,
akianika nguo. Shuka la mwisho lilibaki kwenye beseni.
Mama yake ndiye aliyeniambia habari za shuka.

Amepona. Nusu. Bado. Hakupatikana.
Kijana anaweka kidole kwenye cha kwanza,
kwa adabu, kama anikaribishaye kiti.

Sijui, mwanangu.
Kuna siku nala chapati nzima
na kusahau kwamba nimeila.
Kuna jioni ghala likibaki tupu
na mizani iko wazi, bamba lake safi,
na nyayo zangu zinaijua njia.
Sijaipanda miaka tisa.
Lakini ni mimi niifunikaye kwa gunia kila jioni,
na mlango naufunga, naenda, narudi,
naujaribu tena.
Hilo mnaliandika wapi?

Anafikiri. Ni kijana mzuri, hajibu haraka.

Nje Wamono anabisha, gunia begani,
anasema mvua inashuka kutoka Wanale,
kahawa italowa, nimpimie upesi.
Saa ya mkononi inalia. Saa saba.
Nafungua kopo langu: ndizi, maharagwe, ambayo sijayahesabu,
au nimeyahesabu nusu.

Ingia ukae, Wamono, namwambia.
Gunia litangoja.
Ninakula.