Kikonyo

Saa tisa usiku, Hombolo.
Maumivu yalikaza, yakalegea kidogo, yakakaza tena,
kama mtu anayekamua shuka asiyeridhika nalo.
Sechelela akapasha chumvi kwenye kitambaa.
Mama mkwe akataja jina la Chiwanga,
tunayegombania naye mpaka wa shamba:
"Umetupiwa kitu."
Mimi nilitapika tu.

Pikipiki iliyonipeleka ilikuwa ya Chiwanga.
Kila tuta alilipanda kwa mwendo wa kinyonga,
akisema pole, pole, kama deni.

Daktari Mhembano alibonyeza taratibu, kulia, chini ya kitovu,
kisha akaachia ghafla.
Ni pale alipoachia ndipo nilipopiga kelele.
"Kidole tumbo," akasema muuguzi.
Daktari hakujibu.
Akanipaka ute wa baridi, akatazama kioo kama anayesoma barua ya mtu mwingine:
"Kuna kitu hapa. Jina lake silijui bado."
Nikasaini palipoandikwa *nimeelewa*.

Sindano ya mgongo ikanichukulia miguu,
masikio ikaniachia.
Nikasikia: "Kidole tumbo hiki hapa. Kizima. Hakina kosa."
Kimya.
"Ongeza mkato."
Nikahisi kuvutwa, si kuumwa.
Kisha: "Tazama kikonyo. Kimejisokota mara tatu."

Kikonyo!
Neno hilo nalijua mimi.
Miaka ishirini na mkasi wa kupogolea,
najua kichala kinachosokotwa na upepo,
kinavyokuwa cheusi kabla ya kuiva.
Nilitaka kuwaambia wafunge kwanza ndipo wakate.
Walikuwa wanafunga.

Wakanionyesha kwenye sahani ya chuma:
mafuta, ya manjano, upande mmoja zambarau.
Mafuta! Mimi,
ambaye mkanda wangu una matundu ya msumari.
Gramu mia nne na kumi.
Kwa bei ya zabibu ya msimu ule
hata vocha nisingepata.

Kipande kikaenda Dodoma mjini ndani ya chupa,
kikakatwe kama karatasi, kitazamwe kwa darubini.
Siku kumi na nane.
Majirani walikuja na mayai,
wakasema "ule ugonjwa" wakitazama mlango.
Sechelela alikuwa akifagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Karatasi ilikuwa na mistari miwili.
Uvimbe wa mafuta. Si saratani.
"Hautarudi?"
"Sitegemei," akasema daktari. "Miaka kumi na minne kazini,
wewe ni wa pili."
"Na yule wa kwanza?"
Akapanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa.
"Yeye alikuja siku ya sita."

Nilimpelekea Chiwanga ndoo ya zabibu,
nyeusi, za mti wa pembeni, ule tunaougombania.
Alizipokea kwa mikono miwili.
Mama mkwe siku hizi humwamkia yeye kwanza.
Mpaka bado tunabishana.
Ni hatua tatu tu,
na mshono wangu nikiinama kupima
huvuta kidogo.