Kipengele cha Ishirini na Tatu

Daftari la mirathi ya shangazi Nambwanga
niliandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa, walisema, sina haraka ya kurudi Dar.
Safu tatu: kitu, idadi, thamani.
Mikorosho kumi na tisa, minne imezeeka.
Majembe mawili, moja halina mpini.
Vitenge saba, viwili bado vina nembo ya kiwanda.
Sufuria, sufuria, sufuria isiyo na mfuniko.
Na ndani ya kibweta, chini ya kadi ya kliniki,
kamba ya katani imeshika senti tano
ya mwaka hamsini na mbili:
taji juu, pembe mbili za ndovu ubavuni,
katikati tundu.

Kipengele cha ishirini na tatu. Idadi, moja.
Thamani,
kalamu ikasita.

Mjomba Likonde akacheka: weka sifuri, mwanangu,
wali unapoa.
Lakini warithi ni saba, na mirathi haina utani.
Hata sifuri sharti iwe na mwenyewe.

Nikatoka nayo Newala hadi Mtwara mjini,
elfu saba kwenda, elfu saba kurudi, na soda.
Benki, binti mwenye kucha za zambarau
aliigeuza mara mbili kama anayetafuta pa kubonyeza.
"Hii mfumo hauitambui."
Sonara wa karibu na soko akaiweka kwenye mizani ya kioo:
gramu sita kasoro, na hiyo kasoro ni tundu.
"Shaba, dada. Ingekuwa dhahabu ningekupa kiti."
Kijana mmoja, mkusanyaji, kwa simu,
akataka picha ya mbele, ya nyuma, ya ukingo.
"Umeisugua?"
Nimeisugua. Kwa majivu na ndimu.
Kimya. "Elfu mbili, basi. Ungeiacha, tano."
Kumbe uchafu nao una bei,
na mimi nimeosha elfu tatu asubuhi moja.

Shangazi mdogo, Binti Chikumba,
siku hizi haongei ila kuhusu chakula.
Nilipomwekea kiganjani
hakuishika sarafu, aliishika kamba,
akapapasa mpaka akafika kwenye fundo.
"Hili fundo la baba."
Kisha, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni:
"Gunia alilibeba begani toka Mnyambe.
Karani akapima, akaandika, akakata:
la unyevu, la mchanga, la gunia lenyewe,
la kupimiwa.
Ikabaki hiyo. Akaambiwa chukua, ndiyo yako.
Mama alililia chumvi, hakununua chumvi.
Aliitunga, akaivaa shingoni.
Akija karani mwingine, alisema, mwenye masikio,
nitamwonyesha."

Akaja?

"Walikuja wengi."
Akauliza kama mboga imeiva.

Nikarudi kwenye kibweta.
Stakabadhi za chama cha msingi, misimu mitano,
nilikuwa nimeziweka kando, karatasi za kuwashia moto.
Kila moja ina safu ya makato.
Kila moja shangazi aliitoboa katikati, kwa msumari nadhani,
na matundu yote yalikuwa na unyuzi wa katani.

Usiku, taa ya sola ikififia, nikajaribu hesabu.
Gunia lile kilo ngapi? Hakuna ajuaye.
Bei ya kilo? Hakuna.
Mizani ilikuwa ya kweli? Nimuulize nani?
Kinachojulikana ni salio tu,
limekaa miaka yote shingoni mwa mtu,
kisha kibwetani,
jembamba kwenye upande uliokuwa ukigusa ngozi.

Asubuhi nikajaza safu ya tatu: haijalipwa.

Mjomba Likonde alivaa miwani, akasoma mbele ya warithi,
jembe, kitenge, sufuria, akafika ishirini na tatu.
Safari hii hakucheka.
Alikaa na daftari magotini, akakohoa,
akauliza, sasa hili, jamani,
kwa saba tunaligawaje?