Orodha ya Kuamkia

Nsimire aliileta imefungwa ndani ya kitenge
kama mtoto anayepelekwa kupimwa uzito.
Mashini ya okazyo, imetoka Anvers kupitia Kigali,
mgongoni kibandiko cha hospitali
na namba ya simu ambayo hapa Kadutu haimwiti mtu.
“Kazi yangu ya mwisho wa masomo imo humo,” akasema.
“Nataka iamke kwa mfumo niliouweka mimi,
si kwa huyu mwenye nyumba wa zamani
anayedai malipo kila asubuhi.”
Nikasema ni kazi ya nusu saa.
Fundi akisema nusu saa, ujue anajua njia moja tu.

Kabla ya nembo, kabla skrini haijapata picha,
kuna akili ndogo ndani ya kidude cheusi,
kipana kama ukucha wa kidole cha mwisho,
inayosoma orodha yake gizani:
wa kwanza nani,
nani aitwe ikiwa wa kwanza hakuitika.
Humo nikaandika jina la Nsimire,
nikalisogeza juu.
Nikahifadhi. Nikazima. Nikawasha.
Ikaamka, kijani kama mashamba ya chai ya Mbayo.
Nsimire akapiga kofi moja, akajizuia.

Usiku kuranti ikaenda.
Asubuhi nikawasha tena: jina halipo.
Halikushushwa, halikukatwa kwa mstari;
halijapata kuwepo, ndivyo orodha ilivyosema,
bila haya, kwa herufi zilizonyooka.
Mwenye nyumba wa zamani yuko peke yake,
wa kwanza na wa mwisho.

Nikaandika tena. Ikafuta tena.
Mara ya nne nikabadilisha ile betri ya duara,
mfano wa sarafu, nikidhani ni uzee.
Si uzee. Mashini inakumbuka vizuri mno:
kila ikiamka inakagua nyumba,
inatafuta jina moja ililofundishwa kiwandani,
na asiyeitwa hivyo inamfagilia nje.

Mvua ilikuwa inashusha udongo kuelekea ziwani.
Jirani yangu Mushagalusha alipigilia bati lake
msumari mmoja, kimya kirefu, msumari mmoja.

Basi nikaacha kugombana na orodha.
Nikaingia kwenye diski, kile chumba kidogo cha mbele,
nikachukua faili la Nsimire,
nikalipa jina la yule wa zamani, herufi kwa herufi,
nikaliweka kwenye mlango uleule.
Yule mwenyewe nikampa jina la pembeni, asipotee.
Nikawasha.
Ile akili ndogo ikasoma, ikaridhika:
ni yeye, apite.
Na aliyepita ni Nsimire.

Siku nyingine ningefurahi zaidi.
Lakini nilikumbuka diploma yangu ndani ya sanduku la bati,
imeandikwa Bisimwa Lwaboshi,
binamu aliyeacha shule mwaka wa tano
ada yake ikiwa imekwisha kulipwa.
Prefe alikuwa na orodha, na mimi simo.
Baba akasema: kaa kwenye kiti chake, uitike.
Nikaitika miaka miwili.
Hata kwenye mtihani wa serikali niliitika.
Bisimwa yuko Kamituga, anachimba dhahabu;
akinipigia simu hucheka:
“Habari yako, mimi?”

Nsimire alilipa nusu, nusu mwisho wa mwezi.
Akauliza kwa nini orodha bado inaonyesha lile jina la zamani.
Liache, nikamwambia.
Na siku mashini ikiomba kusasisha kile kidude cheusi,
wewe sema hapana.
Akaandika kiganjani kwa bic ya bluu: sema hapana.
Akaifunga tena ndani ya kitenge,
akashuka mteremko akipapasa kwa mguu
jiwe lisiloteleza.