Pimamaji

Tulifika Ahero sita, na glavu mpya,
lebo za bei bado zikining'inia.
Fundi Otwala alitukagua kuanzia viatuni kwenda juu,
akauliza nani kati yetu amewahi kushika mwiko.
Wekulo akanyosha mkono haraka.
Alidhani ni wa ugali.

Nyumba ilikuwa ya Pilista Akeyo,
muuza mchele wa kupima kwa gorogoro.
Ya kwanza ilichukuliwa na Nyando usiku wa Mei.
Ya pili iliacha paa tu, limekaa topeni
kama kofia ya mtu aliyezama wima.
Ya tatu ndiyo sisi.

Udongo wa Kano ni mweusi,
hushika kiatu kama mwenye duka anayekudai.
Tulichimba msingi hadi kiunoni,
tukabeba mawe, changarawe, saruji, maji,
na jioni viganja vyetu vikawa na lugha moja:
malengelenge.

Mimi nilipewa kozi ya nne, upande wa mashariki.
Otwala akaweka pimamaji juu ya tofali langu:
kiputo kikakimbilia kushoto
kama mtoto aliyeitwa kwao.
"Jicho lina upendeleo," akasema. "Maji hayana shemeji."
Nikagonga. Nikabomoa. Nikagonga tena.
Siku ya tatu saruji ilikauka kabla sijaridhika.
Otwala alipita, akaguna, akasonga mbele,
maana lori la mabati lilikuwa njiani
na hela zilikwisha kuhesabiwa.

Jumamosi tulikuwa watalii.
Tulipanda Kit Mikayi kwa magoti,
Moraa akilalamika kwa Kigusii ili jiwe lisielewe.
Tulikula mbuta ufuoni Dunga, saruji ikiwa kwenye kucha.
Tulifika hadi Ilesi kuona Jiwe Linalolia
tukalikuta kavu kabisa.
Wekulo akasema labda limepata habari njema.

Jumapili Chepng'eno akatupeleka kwao,
juu, ukingoni mwa Nandi,
ambako chai imenyolewa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi.
Nyanya yake akatumiminia mursik
nasi tukanywa tukitazama chini:
Kano yote imelala pale, mpunga uking'aa viraka viraka,
na mabati, mabati, madogo kama vifuniko vya soda.
Tukabishana lipi ni letu.
Kila mtu alionyesha lake.

Mvua ikaanza.
Chepng'eno akafunika kikombe kwa kiganja.
"Hii," akasema, "kesho kutwa itakuwa kwa Pilista."
Hakuna aliyeongeza neno.
Maji yalipita kati ya miguu yetu yakiteremka,
bila haraka,
kama mtu asiyehitaji kuuliza njia.

Tuliondoka kabla ya mlango.
Fedha ziliishia dirishani.
Pilista alitundika shuka la maua pale penye uwazi,
akatufungia mchele, kila mtu gorogoro lake,
na tulipotoa simu akajificha nyuma ya ukuta.
"Pigeni nyumba. Mimi mmeshaniona."

Aprili akatuma picha, kaipiga mwenyewe.
Maji yalikuja, yakakaa siku mbili, yakarudi.
Nyumba ipo. Mlango upo pia, wa bluu,
sijui aliuza magunia mangapi.
Hayo yote hakuyaandika, niliyaona tu.
Alichoandika ni: Angalia kozi yako.

Mstari wa tope ulikuwa umezunguka nyumba nzima,
wa kahawia, mnyoofu kuliko rula,
na matofali yangu, yakianzia chini yake,
yalipanda polepole kuelekea kusini,
yakaukata, yakatokeza upande wa juu
kama mtu anayetoka mtoni kwa aibu.
Niliyahesabu mara mbili.
Saba yalilowa. Matano hayakulowa.

Nikampigia Otwala.
Alikuwa anacheka kabla sijasema.